Fauntini ya sanamu za watoto kwa maji ya Dodoma: tupeane uzoefu

Mleta mada: Wakuu, upepo na vumbi vimeanza, na ndio msimu fauntini zinapokufa. Mchoro wa fauntini yangu una watoto wanne: wa rede, wa kuruka kamba, wa gari la waya na anayepiga zeze. Mwageni ujuzi.

Fundi Pampu: Adui ni chumvi. Maji ya visima vya Mzakwe, vinavyolisha mji wetu, ni magumu. Yakikaushwa na jua, chokaa inabaki. Beseni la mita za mraba 40 likipungua milimita 6 kwa siku, hizo ni lita 240, bado yale yanayopeperushwa. Ukiongeza tu bila kumwaga, nozeli (midomo ya kurushia maji) zinaziba na mtoto anaota ndevu nyeupe. Mwaga robo ya maji kila wiki. Pampu inyanyue sentimita 10 juu ya tope, na ufunge floti ya kuizima maji yakipungua. Ikivuta hewa, sili, ile ya kuzuia maji yasiingie ndani, inaungua.

Chizi wa Saruji: Sanamu sasa. Nondo milimita 8, wavu wa kuku tabaka mbili, saruji 1 kwa mchanga 3 uliooshwa, kisha funika kwa magunia mabichi siku 7. Nondo ifunikwe angalau milimita 20. Vidoleni hazienei hizo, kwa hiyo tumia waya usioshika kutu. Kutu hunenepa kuliko chuma chenyewe, inapasua kidole kutoka ndani. Huyo wa kamba akisimama kwa mguu mmoja atavunjika kifundoni, maana watoto wa kweli watampanda mgongoni. Kamba yake iguse chini, iwe mguu wa pili.

Binti Ipagala: Chokaa inatoka kwa siki na brashi tu.

Chizi wa Saruji: Dada, siki ni ya nozeli za shaba, loweka usiku kucha. Saruji inaliwa na asidi.

Binti Ipagala: Siki kidogo haiui mtu.

Chizi wa Saruji: Inaua pua ya sanamu.

Msomaji wa Usiku: Mmeiona fauntini ile ya Volgograd, Urusi? Watoto sita wameshikana mikono wanamzunguka mamba. Kuna picha yake ya 1942, wakati wa vita, mji ukiitwa Stalingrad: wao wanacheza na nyuma yao majengo yanawaka. Fauntini ikaondolewa miaka ya 1950, nakala zikarudi 2013.

Mtu wa Kibaigwa: Duh. Picha hiyo haitoki kichwani.

Kidodomya: Sisi mamba wa nini? Jina la Dodoma, wanasema, limetoka kwa tembo aliyedidimia. Watoto wamzunguke yeye, mkonga urushe maji.

Fundi Pampu: Mkonga sawa, ila kwa upepo wa huku kimo cha mrusho kisizidi nusu ya umbali hadi ukingoni, la sivyo unaosha bodaboda. Taa volti 12, na breka ya miliampia 30 inayokata umeme ukivuja, hapo hakuna mjadala. Mdomo wa kuvuta maji ufunikwe wavu mpana, nywele za mtoto zisinaswe.

Binti Ipagala: Na mbu?

Fundi Pampu: Pampu ikifa, mwaga yote kabla ya siku 7.

Mleta mada: Tembo adidimie hadi magotini au masikioni?

Chizi wa Saruji: Masikioni. Miguu minne ni nondo nyingi za kulisha kutu.