Mrejesho: W-M20 kwenye pikipiki ya babu yenye kigari cha pembeni

Wadau, asanteni. Niliwauliza maana ya W-M20 iliyogongwa kwenye injini ya BSA (pikipiki ya Kiingereza) ya marehemu babu. Nilidhani W ni Watsonian, watengenezaji wa vigari vya pembeni. Sivyo kabisa.

Jumamosi niliipeleka kwa fundi wa Kirinyaga Road, Nairobi. Tulisugua grisi kwa petroli na brashi mpaka herufi zikatoka vizuri. W ni toleo la vita, la jeshi. M ni ukoo wa modeli. 20 ni modeli yenyewe, si mwaka wala ukubwa wa injini (cc). Injini ni ya cc 496. Ndugu yake M21 ana 591, naye ndiye aliyependwa zaidi kuvuta vigari. BSA ilitoa M20 zaidi ya 120,000 wakati wa Vita Kuu ya Pili.

Kilichonipa raha zaidi ni hiki: nambari ya injini na ya fremu hazilingani, na kuna mnunuzi aliyeniambia ni ya kuungaunga. Kumbe enzi hizo kiwanda chenyewe hakikuwa kikizilinganisha! Siiuzi tena. Kigari nacho hakina kibati cha jina la mtengenezaji, kwa hiyo sasa natafuta chapa kwenye chesisi yake.