Tukalale Magamba: gumzo la kikundi cha familia

Jumapili

Mama Imani: Shikamooni wakubwa, wadogo hamjambo. Shule zinafunga Juni. Safari hii nataka watoto walale kwenye hema, hoteli tuiache. Wangu mkubwa ana miaka 6, mdogo 2. Nani yumo?

Kaka Mdogo: Sisi tumo. Twende Mikumi dada. Si mbali na Dar, lami mwanzo mwisho, na watoto watamwona tembo.

Baba Twalib: Mikumi 👍🏾 Na wa chini ya miaka 5 hawalipi kiingilio.

Shangazi Lushoto: Marahaba wanangu. Mikumi ni pazuri, siisemi vibaya. Ila fikirieni siku yenyewe itakavyokuwa kwa mtoto wa miaka miwili. Mchana kutwa yumo garini, kushuka haruhusiwi, na mbung'o wanaingia dirishani. Jioni mkifika kambini hakuna uzio, simba na fisi hapo ndio kwao, kwa hiyo mtoto anashikwa mkono hata kwenda chooni. Ataambiwa "rudi hapa" tangu asubuhi mpaka analala. Mtoto wa umri huo tembo aliye mbali hamshughulishi, anataka tope, mawe na vijiti. Njooni huku kwetu Lushoto, msitu wa Magamba. Huku hakuna simba wala tembo. Atatembea mwenyewe.

Kaka Mdogo: Lakini shangazi Lushoto ni mbali na hawa wadogo.

Shangazi Lushoto: Ni mbali, kweli. Mkate safari. Mtoke Dar alfajiri, mpumzike Segera wakimbie kidogo. Kazi ipo Mombo kuja juu. Ni kama kilomita 33 tu lakini kona tupu, na hapo ndipo watoto wanatapika. Mombo msiwape maziwa wala soda. Andazi kavu, dirisha wazi, mifuko iwe karibu.

Shemeji: Wifi zangu, mimi naogopa baridi tu. Mwanangu kifua chake mnakijua.

Shangazi Lushoto: Hofu yako ina msingi. Lushoto mjini ni karibu mita 1,400 juu ya bahari, Magamba ni juu zaidi, na Juni na Julai ndiyo miezi ya baridi. Watu wa Dar wanakuja na mablanketi mazito ya kujifunika, halafu wanalala juu ya godoro la upepo. Baridi ya hema inatoka chini. Lile godoro la upepo ndani ni hewa baridi tu. Tandikeni mikeka, juu yake sponji, juu yake blanketi moja, ndipo mtoto alale. Za kujifunika zinakuja baadaye.

Mama Imani: Na jioni msimlaze na nguo alizochezea. Hata kama zinaonekana kavu zina jasho. Mbadilishe zote mpaka soksi, kofia kichwani, uso uwe wazi.

Baba Twalib: Mimi nina dawa ya baridi. Nabeba jiko la mkaa, naliingiza hemani dakika kumi lipashe, wakishalala nalitoa.

Mama Imani: Hapana shemeji. Hapana kabisa.

Mama Imani: Naomba kila mtu asome hili, na wasiomo kwenye kikundi wasomewe. Jiko la mkaa haliingii kwenye hema hata dakika moja. Mkaa unatoa hewa ya kaboni monoksidi, haina rangi, haina harufu, huikohoi. Inashikana na damu na kuchukua nafasi ya oksijeni. Mtu anaumwa kichwa, analegea, anasikia usingizi, na kwa kuwa ni usiku anadhani ni usingizi wa kawaida. Mtoto anapumua haraka kuliko sisi, kwa hiyo inamwahi yeye kwanza. Na mkaa uliofifia, ule unaoonekana jivu tupu, bado unaitoa. Kufungua zipu hakusaidii. Mimi ni muuguzi, nawaambia kwa upendo wote nilionao kwenu.

Baba Twalib: Nimekuelewa shemeji. Jiko litakaa nje.

Kaka Mdogo: Ahsante dada. Tufanyeje sasa kuwapasha?

Mama Imani: Maji ya moto kwenye chupa ngumu, kifuniko kikazwe sana, chupa ivalishwe soksi nzito, iwekwe kwenye blanketi kabla hawajaingia. Wakiingia mnaitoa. Na wanywe uji wa moto kabla ya kulala.

Bibi Mombo: 🎤 Ujumbe wa sauti (1:48)

Mama Imani: Kwa walio kazini, bibi anawasalimu wote. Anasema kabla ya kusimika hema mzunguke mkiangalia siafu, maana wakishapita njia yao hawageuki. Mwage majivu kuzunguka hema. Na msikae chini ya mti wenye matawi makavu, hasa mikaratusi, inaangusha tawi bila hata upepo.

Kaka Mdogo: Shikamoo bibi, tumekusikia 🙏🏾

Shemeji: Na usiku watafanya nini bila katuni? Giza linaingia saa moja.

Shangazi Lushoto: Hapo ndipo pananifurahisha. Chukueni tochi, mtoto mmoja mtu mzima mmoja, mtembee polepole pembeni ya njia, mmulike ncha za matawi. Kinyonga akilala rangi yake inapauka, kwa hiyo kwenye mwanga wa tochi anang'aa mweupe katikati ya majani meusi. Mtoto anamwona kabla yako kwa sababu macho yake yako chini. Mkia umejikunja, macho yamefumba, kashika kijitawi kwa miguu yote minne. Milima yetu hii ya Usambara ina vinyonga ambao hawapatikani kwingine duniani, wapo wenye pembe mbili puani.

Baba Twalib: Shangazi, sisi tumekua tukiambiwa kinyonga ni mkosi.

Shangazi Lushoto: Najua mwanangu, wengi tumeambiwa. Hana sumu, na mkosi hana. Lakini hatumgusi wala hatumwamshi, tunatazama tunapita. Mchana muwatafutie mbega juu ya miti. Mkiona ua dogo la zambarau kwenye miamba yenye unyevu waambieni asili yake ni milima hii hii. Mjerumani Walter von Saint Paul-Illaire alipeleka mbegu zake kwao mwaka 1892, leo linapandwa madirishani dunia nzima.

Kaka Mdogo: Na kwenye mwamba wa Irente tufike?

Shangazi Lushoto: Mfike, mkono wa mtoto ukiwa ndani ya mkono wako. Lile ni genge, ukingo wa mwamba. Na msipange kupanda milima, njia ya saa moja kwako ni ya nusu siku kwa mtoto anayeokota kila jiwe. Mwacheni aokote.

Mama Imani: Kila mtoto avae filimbi shingoni. Tuwafundishe mapema: ukiona hutuoni, simama hapo hapo, kumbatia mti, piga filimbi. Usitutafute, sisi ndio tunakutafuta.

Shemeji: Hiyo nimeipenda. Na poti la usiku liwe ndani ya hema jamani.

Mama Imani: Lazima. Basi naona imepita, Magamba, tunalala siku mbili. Chapati na maharage ya siku ya kwanza napika mimi huku, viazi vya kuchoma tutanunua Lushoto. Maji ya kijito ni ya kuchezea tu, ya kunywa tunachemsha.

Shangazi Lushoto: Kesho napita ofisi ya misitu kuulizia nafasi na bei ya Watanzania. Malipo ni kwa kontroo namba, ile namba ya malipo ya serikali, kwa hiyo msimtumie mtu hela kwenye simu yake, hata akisema ametumwa na mimi.

Kaka Mdogo: Sawa shangazi. Hema letu nalisimika uani Jumamosi, watoto walale humo kwanza walizoee.

Shangazi Lushoto: Na ulimwagie ndoo ya maji juu uone mishono kama inavuja.

Baba Twalib: Mikeka na sponji niachieni mimi.