Je, Mkomani ni mji wa wanaume?

Ndugu zangu, kuna aliyesema barazani pale uwanja wa Mkunguni kwamba Mkomani, mtaa wa nyumba za mawe katika mji wa kale wa Lamu, ulijengewa wanaume: njia nyembamba, kuta zisizo na madirisha chini, daka (kibaraza cha mlangoni) la wageni, wanawake wakasukumwa ndani. Kwa hiyo nyumba mpya zote zifunguliwe zitazame bahari. Mimi sikubali.

Tuanze na mwenye nyumba. Koo zenye uwezo, baba alimjengea binti nyumba, au akampandishia ghorofa juu ya yake, na mume ndiye aliyehamia kwa mke. Ukipita daka na tekani, kipito cha nyuma ya mlango, unafika kiwandani, yaani uani, kisha kumbi mbili ndefu, msana wa tini na msana wa yuu, halafu ndani, chumba cha faragha. Mlango wa nje una nakshi, ndiyo, lakini ule ukuta wa zidaka za chokaa, vishubaka vya kuwekea vyombo, kazi iliyowatoa mafundi jasho, uko ndani, walikokaa wanawake. Na wikio je? Chumba kimevuka njia hewani, binti akenda kwa mamake bila kukanyaga chini. Huo ni mji wa pili, wa kike, juu ya vichwa vya wanaume!

Tangu UNESCO itutambue mwaka 2001 tunalinda sana sura ya nje. Nyumba ikigeuzwa ya wageni, wikio linakuwa chumba cha kulala cha mtalii. Hilo ndilo linaloniuma.

— Dada, hiyo ni hadithi ya waungwana. Nyanya yangu aliishi nyumba ya makuti mtaa wa Langoni, wikio alilitazama kutoka chini. Wanawake waungwana walipotoka walifunikwa shiraa, kitambaa kama hema, na walioishika ni watumwa. Wao nao walikuwa wanawake. Tena mimi leo nikishuka botini jioni, mabaraza ya pwani yamejaa wanaume. Nisimame wapi nikisubiri mzigo wangu?

— Mdogo wangu, hapo umenipata. Nilihesabu nyumba za mawe peke yake. Lakini kubomoa kuta hakukupi wewe pa kukaa. Bahari itaonekana, baraza litabaki lao. Mimi nataka baraza la wanawake lijengwe karibu na gati, lenye kivuli na taa. Mafundi na wazee wa mtaa, mnasemaje: lijengwe peke yake, au haya yaliyopo tuyagawe?