Andiko langu la utafiti limekwama kwenye kipengele cha dini. Waliopitia haya naombeni ushauri

Mzamili_Mchovu

Wakuu, salaam.

Nasoma uzamili wa elimu, chuo kimoja cha umma (sikitaji, bado nakitegemea kinipe cheti). Swali langu niliona halina makuu. Shule za misheni zilitaifishwa mwaka 1969. Je, wilaya zilizokuwa na misheni nyingi bado zinapeleka watoto wengi kidato cha tano kuliko zile za mwambao zilizokuwa na madrasa? Kwenye dodoso nikaweka kipengele kimoja: dini ya mzazi.

Hakuna aliyenikataza, na hapo ndipo panaponiuma. Msimamizi aliniita ofisini, akafunga mlango, akasema, "Mada nzuri, ila kwa nini ujitafutie?" Jopo likashauri nipanue wigo, nikapanua. Kamati ikataka nifafanue umuhimu, nikafafanua. Leo andiko linaitwa "Mambo yanayoathiri ufaulu katika shule za sekondari", mada ambayo maktaba yetu ina tasnifu zake rafu nzima. Misheni imetoka, 1969 imetoka, dini imetoka. Nimebaki na madawati na matundu ya vyoo.

Hivi kuna sheria inayokataza, au ni woga tu? Na kuna aliyewahi kuipitisha mada ya namna hii?

Babu_wa_Takwimu

Mdogo wangu, sheria ya kukukataza kuuliza dini hutaiona. Utakachoona ni mazoea. Sensa ya mwisho kuuliza kabila na dini hapa kwetu Tanzania ni ya 1967. Kuanzia ya 1978 maswali hayo hayapo, na sababu iliyotolewa ni kujenga taifa moja. Mwaka 2012 baadhi ya Waislamu waligomea sensa wakitaka kipengele cha dini kirudi, hakikurudi. Matokeo yake kila upande una asilimia zake za mfukoni, na hakuna karatasi ya kumsuta mtu.

Ila usimchukulie msimamizi wako kuwa mwoga wa bure. Rudi mwaka 2018. Twaweza, lile shirika la kiraia, walitoa matokeo ya kura yao ya maoni, Sauti za Wananchi: waliomkubali Rais Magufuli 55%, wakati 2016 walikuwa 96% na 2017 walikuwa 71%. COSTECH, tume ya serikali ya sayansi na teknolojia inayotoa vibali vya utafiti, wakawaandikia barua kuhoji kibali. Muda si mrefu mkurugenzi wa Twaweza, Aidan Eyakuze, akanyang'anywa pasipoti. Mwaka huohuo Sheria ya Takwimu ikarekebishwa kumbana anayetoa takwimu zinazopinga za serikali. Mwaka 2019 wakailegeza, lakini mtu akishaungua ulimi hata uji wa vuguvugu anaupuliza. Wahadhiri waliona yote yale wakiwa kazini.

Nakuru_Base

Jirani, mwaniacha hoi. Huku kwetu Kenya kabila huulizwa hadi kwenye sensa, na matokeo hutangazwa. Sheria ya mwaka 2008 inasema taasisi ya umma isiwe na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka jamii moja, na tume ya utangamano, NCIC, iliwahi kukagua vyuo vikuu vya umma kuona nani kajaza nani.

Msidhani tumekuwa hivi siku zote. Maina wa Kinyatti, mwanahistoria aliyekuwa akifundisha Chuo cha Kenyatta na kukusanya nyaraka za Mau Mau, alikamatwa 1982 akafungwa miaka sita. Mau Mau wenyewe walihesabiwa kundi haramu mpaka 2003, miaka arobaini baada ya uhuru! Kila nchi na chumba chake cha kufungwa kwa kufuli.

Bint_Pangani

Mimi nitakuwa mbaya hapa. Nawaelewa waliokukwamisha. Mtaani kwetu tunazikana na kuozana bila kuhesabiana, na Nakuru hapo juu asitufundishe, ghasia zao za uchaguzi wa 2007 tuliziona. Dodoso lako likija mlangoni kuniuliza dini yangu, nitakuuliza limetumwa na nani.

Mzamili_Mchovu

Dada, swali lako ni la haki kabisa, na ningelijibu mlangoni palepale. Ninachokataa ni kuamuliwa kabla sijafika huko mlangoni.

Babu_wa_Takwimu

Sasa ushauri wa kazi. Kipengele cha dini ya mzazi kiondoe mwenyewe, hukihitaji. Swali lako ni la wilaya, si la mtu. Nenda Nyaraka za Taifa pale Upanga, tafuta majalada ya elimu ya kabla ya 1969: shule zipi, za nani, wapi. Upande wa leo chukua matokeo ya mitihani, Baraza la Mitihani, NECTA, wanayaweka wazi shule kwa shule. Ukihitaji dini ya watu, Afrobarometer, wale wa kura za maoni za Afrika, wamekuwa wakiiuliza Tanzania kwa miaka mingi na data zao unapakua bure, basi si wewe uliyeuliza. Kichwa kiite "Urithi wa miundombinu ya shule kabla ya 1969". Jopo litasinzia kabla ya ukurasa wa pili.

Mzamili_Mchovu

"Urithi wa miundombinu", nimecheka peke yangu kwenye daladala! Nampelekea msimamizi Jumatatu. Aliyewahi kuingia Nyaraka za Taifa kwa kitambulisho cha mwanafunzi, wanadai barua ya idara au ya mkuu wa chuo?