Kolezhi Alfajiri ya Bukavu: kweli kale ilikuwa ya batoto ba bazungu tu? Na ile kiwanja yote ni ya nini?

mwana_kadutu
Jambo bandugu. Niko na swali, mwenye anajua historia anisaidie. Papa yangu alisomaka Alfajiri, lakini mpaka leo akiongea anasema Notre-Dame de la Victoire, jina ya kale. Hakukuwa wa enternati, alikuwa analala kwetu Kadutu, asubui anashuka na miguu mpaka Ibanda kwenye shule iko, mangaribi anapanda tena, makaye ndani ya sashe juu ya mvua. Anasema wakati bakubwa bake walikuwa batoto, ile shule hata kwa mulango hawakukaribia, ilikuwa ya bazungu. Ni kweli ao ni masimulizi ya bazee? Na jina ilibadilishwa kwa nini? Ingine inaniuma roho: jirani mumoja ananiambia shule za kale zinakalia viwanja kubwa bure, mji umejaa, bakate maparsele watu bajenge. Nilikosa ya kumujibu.

yaya_wa_nguba
Muzee hasemi uongo. Ile shule bapadri Majezwiti baliianzisha wakati ya ukoloni, Bukavu ingali inaitwa Costermansville, na ilikuwa ya batoto ba bazungu, bale wenye mashamba ya kahawa na chai huku Kivu na bale ba serikali. Weusi walikuwa na shule zao mbali. Mulango ulianza kufunguka polepole miaka ya 50, mutoto mumoja mumoja. Sasa wewe wazia papa yako anaingia pale na viatu vya kuazima, bakubwa bake balikuwa banapita tu kwa barabara, ile si kitu kidogo hata.

Jina haikuwa mambo ya Alfajiri peke yake, ilikuwa inchi muzima. 1971 Mobutu anasema tuko Zaire, 1972 majina ya kikristo yanakatazwa, na kwa mashule mingi majina ya watakatifu ikatoka, hata Lubumbashi Saint-François de Sales ya Basaleziani ikakuwa Imara. Mwisho wa 1974 serikali ikakamata mashule yote ya dini, ikashindwa kuyaendesha, 1977 ikarudisha kwa mukataba, njo maana tunasema shule "konvansione" mpaka leo. Lakini jina ya kale haikurudi na miye nafurahi, juu alfajiri ni neno yetu, mama yangu muuza samaki alilielewa bila mufasiri.

masoni_bkv
Miye nitajibu ya kiwanja tu, historia nawaachia.

Niko fundi wa kujenga, miaka mingi ndani ya hii mji. Bukavu ni milima inashuka ndani ya ziwa Kivu, udongo mwekundu, ukishaloa unateleza kama sabuni. Paa kubwa ya shule inamwaga maji mingi sana, sasa ile maji inaenda wapi? Inaingia mu majani, mu mizizi ya miti, inakunywewa pale pale. Kuna shule moja, sitaitaja, walikatia watu sehemu ya chini ya kiwanja yao, nyumba zikapanda haraka haraka bila mufereji hata moja. Mvua ya kwanza ya mwezi wa kumi tu, bakaniita kwa mama mumoja kule chini. Niliingia na nikakuta maji nyekundu imefika kwa goti ndani ya jikoni, sandale ya mutoto inaogelea kando ya sufuria, na ukuta wa nyuma umepasuka, ngumi yangu ilipita ndani yote. Aliniuliza nipige sima (saruji) kwa ile ukuta. Sima ya nini mama, ni mulima ndio unakuja. Jirani yako mwambie aje nimuonyeshe, ile nyufa bado iko.

dada_ibanda
Miye sikusomea kwa bavulana, ni wa Lycée Wima, shule ya basichana hapa Bukavu, lakini niongeze kitu. Tarehe 3/2/2008, siku ya Mungu asubui, tetemeko. Nyumba zetu zimebanana, njia ni upana wa mikono mbili, matofali inaanguka, tukimbilie wapi? Bote tulikimbilia kiwanja ya shule ya karibu, sentineli alifungua mulango mwenyewe bila kuuliza mutu, na usiku tulilala pale juu ya bitenge, ardhi ilikuwa inatetemeka tena na tena. Mutoto wangu wa kwanza alikuwa na wiki tatu. Na 1994 wakati wakimbizi ba Rwanda balijaa mji, ni wapi balipata pa kukaa? Mashule, viwanja, parokia. Mutu anasema ile nafasi ni bure hajawai kuihitaji.

mwana_kadutu
Aksanti sana bandugu, nimesoma zote kwa papa jana usiku, mara mbili juu masikio yake si mazuri tena. Yaya wa Nguba, umepatia na ya viatu!! Anasema vilikuwa vya mukubwa wake, alijaza makaratasi kwa mbele, na siku ya mvua karatasi ikaloa kiatu kikabaki mu matope pale karibu ya kiingilio, akaingia darasa na kimoja. Padri hakusema kitu. Sasa anaomba nimupeleke siku ya posho (jumamosi) aone kama miti ya kiwanja ya shule bado iko. Kuna mwenye anajuana na basentineli wa pale? Hawezi kusimama saa mingi inje.