Kuchagua mistari na kolamu: kipanya, kibodi au kisanduku cha jina?

MwekaHazina_Moro
Wakuu, habari za jioni. Natunza hesabu za kikoba chetu. Kolamu A ni majina, B tarehe, C hisa, D mfuko wa jamii, E marejesho ya mkopo. Mistari imeshapita 2,000. Nikitaka kolamu ya hisa peke yake naburuta kipanya kutoka juu, karatasi inakimbia, nikiachia nakuta nimepitiliza mbali. Kwa programu za majedwali, mimi natumia LibreOffice Calc, katibu wetu yuko Excel, wanachama wanaangalia kupitia Google Sheets. Njia ipi ni ya uhakika na inakubali kote?

Mwl_Jedwali
Mkuu, kuburuta achana nako. Bofya herufi C pale juu, kolamu nzima inachaguliwa. Bofya namba ya mstari pembeni, mstari mzima. Kwa kibodi ni Ctrl+Space kwa kolamu na Shift+Space kwa mstari, na programu zote tatu zinaelewa. Ukitaka A na E bila za katikati, bofya A, shikilia Ctrl, bofya E. Wenye Mac waangalie tu, Ctrl+Space kule huweza kunyakuliwa na mfumo kwa ajili ya kubadili lugha ya kibodi.

DadaWaHesabu
Mwalimu, kwa kupanua kolamu au kubadili muundo wa namba nakubaliana nawe. Kwa kunakili na kujaza sikubali. Tangu Excel 2007, kolamu moja ina seli (vile visanduku vya kuandikia) 1,048,576 (zamani zilikuwa 65,536), na Calc ni hivyohivyo. Ukijaza fomula kolamu nzima, unaibebesha faili mzigo wa bure, na kompyuta yenye RAM ndogo utaisikia. Sheets ina nafuu hapo, karatasi mpya inaanza na mistari 1,000 tu.

Kaka, simama C2, bonyeza Ctrl+Shift+mshale wa chini. Unashuka mpaka data inapoishia, kichwa cha kolamu kinabaki nje. Ila mshale huo unasimama kwenye seli tupu. Mwanachama wa mstari wa 414 hakununua hisa na seli yake ikaachwa wazi? Uchaguzi utaishia C413. Ukijumlisha hapo, zaidi ya nusu ya kikoba imebaki nje na hakuna onyo lolote. Kwa hiyo asiyenunua andikiwa 0. Seli tupu kwenye daftari la fedha ni hatari.

FundiLaptop
Mbona mmesahau kisanduku cha jina? Kiko kushoto mwa sehemu ya fomula, kile kinachoonyesha seli uliyosimama. Andika C2:C2140, gonga Enter, umemaliza. Seli tupu hazikisumbui, na kinafanya kazi kote kutatu. Kasoro yake ni kwamba lazima ujue mstari wa mwisho, na Ctrl+End itakusaidia kuupata. Mimi kwa hesabu za watu ndiyo njia ninayoiamini, kwa sababu unaandika mwanzo na mwisho kwa mkono wako.

MwekaHazina_Moro
Ahsanteni sana. Na je, nikichuja wale wenye deni tu halafu nikanakili, wengine hawataingia?

DadaWaHesabu
Ukitumia filta, Excel na Calc zinanakili inayoonekana tu. Shida ni pale mistari ilipofichwa kwa mkono, maana yenyewe inanakiliwa kimyakimya. Kwenye Excel, chagua eneo kisha bonyeza Alt+; (alama ya nukta mkato), zitabaki zinazoonekana. Calc ina amri ya kazi hiyo ndani ya menyu ya Edit, sehemu ya Select.

Halafu kupanga majina kwa alfabeti. Usichague kolamu A peke yake! Excel na Calc huuliza kama upanue uchaguzi. Sheets, ukichagua kolamu moja na kupanga eneo lile tu, inapanga hilohilo bila kuuliza: majina yanahama, hisa zinabaki pale pale. Fedha za mtu zinakuwa kwenye jina la mwingine. Chagua A mpaka E zote kwanza, bila kichwa.

Mwl_Jedwali
Hapo kwenye seli tupu dada umenishinda, nakubali. Naongeza moja kwa katibu: asimame ndani ya data, abonyeze Ctrl+T, data iwe jedwali rasmi la Excel. Baada ya hapo Ctrl+Space ya kwanza inachukua data ya kolamu peke yake, ya pili inaongeza kichwa, ya tatu ndiyo kolamu nzima ya karatasi. Faili likirudi kwako kwenye Calc usitegemee hilo, huko Ctrl+Space itachagua mpaka chini kabisa. Wewe baki na kisanduku cha jina.