Chaneli za HD zimetoweka kwenye kifurushi cha chini

MkaziNtinda: Ndugu mafundi, TV ya kebo hapa Kampala inaonyesha chaneli za kawaida vizuri, ila za HD zote zimepotea. Malipo hayajaisha. Nianzie wapi?

FundiKebo: Soma ujumbe kwenye skrini. Ujumbe ukisema chaneli imefungwa, huenda imeondolewa kwenye kifurushi chako. Usiguse waya, piga simu kwa kampuni. Ukisema hakuna mawimbi, kagua waya. HD mara nyingi hurushwa kwa 256-QAM, njia ya kubeba data kwenye mawimbi inayohitaji mawimbi safi kuliko njia nyepesi ya 64-QAM, ndiyo maana hutangulia kupotea. Kigawanyi (kifaa cha kugawa waya mmoja kwa TV kadhaa) cha njia mbili hula takriban desibeli 3.5 za nguvu ya mawimbi, cha njia nne 7. Kitoe, unganisha moja kwa moja, tafuta chaneli upya.

MkaziNtinda: Hakuna mawimbi, na kigawanyi ni cha njia nne.

MamaKiira: Basi ndugu, anza hapo. Kagua pia kiunganishi cha F, kile cha kuskurubu mwishoni mwa waya: uzi mmoja wa wavu wa nje wa waya ukigusa waya wa kati, mawimbi yamekwisha. Waya uwe aina ya RG6 wa ohm 75. Tafadhali usikimbilie busta (kikuza mawimbi), hukuza na kelele.